Nilimjibu Daktari Kwamba Sina Kazi

Kama unasoma haya huku unajikuna, toa mkono kwanza unisikilize. Najua ni vigumu. Mimi nilijikuna kwa kitana, kwa gunzi, kwa ukingo wa mlango, na siku moja kwa brashi ya kusugulia masufuria, nikapata raha ya dakika mbili halafu nikalia kwa maumivu. Sasa ngozi imetulia. Nimebaki na madoa meusi shingoni na mikononi ambayo naambiwa yatafifia polepole. Naandika kwa sababu nilikaa na watu wengi wenye vipele kwenye mabenchi ya hospitali, na nikiwasikiliza nagundua wengi wanafanya kosa kama langu.

Naitwa Somoe. Nimezaliwa Newala, nikaletwa Dar es Salaam na ndoa. Mume wangu, Mshamu, ni mtu wa kwetu pia. Anauza katika duka la vitasa na bawaba Kariakoo, duka la familia ya Kihindi iliyokuwapo mtaa ule tangu enzi za babu yao. Tulipanga chumba Ilala, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, korido katikati na uani nyuma. Miaka minane ya ndoa, Mungu hajatupa mtoto. Maneno ya ndugu yalikuwepo, hasa ya dada yake anayekaa Magomeni, lakini mimi na Mshamu tulikuwa tunapendana na tulikuwa tunacheka. Alikuwa akirudi kazini ananiambia, "Mama vitasa, fungua mlango," na mimi ninamwambia hatufungulii matapeli. Utani wa kijinga, lakini ndio uliokuwa wetu.

Vipele vilianza vuli, mvua zilipokuwa zinanyesha na kukatika. Vilianza katikati ya vidole, vidogo, vyekundu, vyenye maji ndani. Nikadhani ni sabuni ya kufulia. Nikabadilisha sabuni. Vikapanda kwenye vifundo vya mikono, vikaruka mpaka shingoni, halafu kwenye kope za macho. Asubuhi moja niliamka siwezi kufumbua jicho la kushoto. Niliangalia kwenye kioo kwa jicho moja nikaona mtu aliyepigwa.

Nilikwenda duka la dawa. Yule dada muuzaji hata hakuinuka kitini. "Fangasi hiyo," akasema, akanipa mrija wa dawa ya kupaka. Nilipaka wiki mbili, mahali pengine pakatulia, pengine pakawa vibaya zaidi. Nikarudi, nikamkuta kaka mwingine, akasema ni upele, akanipa ile dawa nyeupe inayochoma. Nilijipaka kuanzia shingoni mpaka unyayoni, nikakaa uchi kwenye mkeka kwa sababu sikuweza kuvumilia nguo. Jirani yangu wa chumba cha pili, Mama Upendo, mwanamke wa Songea mwenye mtoto mchanga, ndiye aliyekuwa ananipepea kwa kawa. Alikuwa ananiimbia nyimbo za kanisani kwao ili nisahau kujikuna. Nilikuwa namwambia, "Mama Upendo, utanibatiza bila kujijua," naye anacheka huku anapepea. Siku hizo ndizo ninazozikumbuka kwa shukrani.

Kiangazi kilipoingia na joto lake, Mshamu naye akatokewa. Vipele vyake havikutokea vidoleni wala machoni. Vilimtokea pale ambapo mwanamume akitokewa na kitu, swali linakuwa moja tu.

Hakuniuliza siku ya kwanza. Alikwenda akajitibu kimyakimya huko Kariakoo, akachomwa sindano na mtu ninayeamini hakuwa daktari. Havikupona. Siku ya nne au ya tano aliketi kitandani, akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Somoe, haya umeyatoa wapi?"

"Yapi?"

"Usinifanye mtoto. Ulianza wewe. Mimi nimefuata. Umeyatoa wapi?"

Nilimwapia. Nikamwambia na mimi nataka kujua. Nikamwambia twende wote tukapime kila kitu. Tulikwenda, tukakaa kwenye benchi pamoja bila kuongea, tukatolewa damu. Majibu yakatoka: hakuna UKIMWI, hakuna kaswende, hakuna chochote. Nilitoka mle nikidhani tumemaliza. Tulipofika barabarani akaniambia bila kuniangalia, "Vipimo navyo vinakosea." Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu niliona kwamba ameshaamua.

Dada yake alikuja kutoka Magomeni akakaa mlangoni, hakutaka kuingia wala kunywa chai. Alisema ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa kama huo. Alisema kaka yake anakondeana. Wiki iliyofuata Mshamu alinipa talaka moja, kwa maandishi, mbele ya shehe wa mtaa. Shehe ni mtu mzima mwenye huruma, alimwambia, "Kijana, hii moja ina mlango wa kurudi. Mkeo akae eda hapahapa, ndani ya nyumba yako, umhudumie. Ukimrejea kabla eda haijaisha, ni mkeo bila mahari mpya. Tumia siku hizo kufikiri." Mshamu akaitikia. Akachukua begi la nguo akahamia kwa dada yake, akaniachia chumba.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo. Nilikuwa na hedhi tatu za kutafuta huu ugonjwa unaitwaje na unatoka wapi, ili nimwambie mume wangu kabla mlango haujafungwa. Sikuwa natafuta dawa tena. Nilikuwa natafuta jina.

Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kuleta mchele, unga, mafuta na mkaa. Alisimama mlangoni, mimi ndani. Tunasalimiana kama watu wa ofisini. Nilikuwa namkagua. Ijumaa ya pili nikaona hajikuni. Ijumaa ya tatu akaniambia mwenyewe, na alisema kwa upole, hilo ndilo lililoniuma.

"Mimi nimepona, Somoe. Tangu nitoke humu nimepona kabisa."

"Umetumia dawa gani?"

"Hakuna. Nimetoka tu."

Aliweka mfuko chini akaondoka. Nilikaa sakafuni na ule mfuko wa mchele. Hata mimi siku ile nilianza kuamini kwamba nina kitu kibaya ndani yangu, kwamba mtu akikaa mbali nami anapona. Nilienda kwa mtu mmoja aliyeniambia nina jini. Nilifukizwa, nikanyweshwa, nikaogeshwa. Sitaki kuandika mengi kuhusu hilo, nilikuwa nimeshikwa pabaya.

Masika yakaanza. Mtoto wa Mama Upendo akatokewa na vipele usoni, mashavu yakawa mekundu, analia anajisugua begani kwa mama yake.  Siku hiyo Mama Upendo hakuja kunipepea, na kesho yake nikaona ameanza kuanika nguo za mtoto upande mwingine wa kamba. Alikuwa na haki. Nililia kuliko nilivyolia kwa talaka.

Ndipo dispensari ya pili niliyokwenda ikanipa barua ya kwenda kliniki ya ngozi kwenye hospitali kubwa. Kama hujawahi kukaa kwenye kliniki ya ngozi, nikwambie: ni mahali ambapo kila mtu ameficha kitu. Kulikuwa na mzee aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto la Dar. Kulikuwa na binti aliyejifunga mtandio mpaka puani. Hatuangaliani. Mtu akiitwa anainuka haraka kama anayetoroka. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa amekaa chini ya feni aliniona ninavyojipepea kwa kadi, akasogea, akapiga benchi kwa kiganja. "Njoo hapa, dada. Upepo unafika." Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na kutoka damu. Tukakaa wawili chini ya feni mpaka mchana, hatukuambiana majina, lakini sikuwa peke yangu.

Sasa sikiliza nilivyojiharibia. Kabla ya kwenda kliniki nilijisafisha. Vidole vyangu vilikuwa vimeingia weusi, na sikutaka kwenda mbele ya daktari na vidole kama vya mchoma mkaa. Nilivisugua kwa limau na mchanga, weusi ulipokataa kutoka nikapaka hina juu yake, nikapendeza. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka, mwenye miwani inayoteleza. Aliangalia mikono.

"Unapaka hina hii mara kwa mara?"

"Nikitoka kwenda mahali, ndiyo."

"Acha. Hina nyingine zinachanganywa na madude. Acha kabisa. Unafanya kazi gani?"

"Sina kazi. Niko nyumbani tu."

Akaandika. Akanipa marhamu na vidonge vya siku chache, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu. Mara ngapi nimeulizwa swali lile tangu vuli? Dispensari mbili, mpimaji wa damu, huyu. Wote niliwajibu hivyohivyo: sina kazi. Na ndivyo nilivyoamini.

Marhamu yalinisaidia wiki moja. Vipele vikarudi palepale. Hedhi ya pili ya eda ikapita.

Niliporudi kliniki sikuwa nimepaka hina, kwa kuwa nilikatazwa, na limau ilikuwa inanichoma kwenye michubuko kwa hiyo sikusugua. Nilikwenda na vidole vyangu kama vilivyo, nimevikunja ndani ya kanga kwa aibu. Daktari akavikunjua kimoja kimoja, akanisogeza dirishani.

"Mama, nilikukataza hina."

"Nimeacha, daktari. Tangu siku ile."

"Na huu weusi?"

"Huo si hina. Huo ni wa korosho."

"Korosho za kula?"

"Zile zenye ganda. Nabangua."

Aliniachia mkono. "Unabangua wewe? Kwa mikono hii?"

Nikamweleza kama mtu anayeeleza namna ya kupika ugali. Kwamba kila vuli mama ananitumia korosho ghafi kwa basi kutoka Newala. Kwamba mwaka huu nilimwomba alete zaidi, akatuma magunia. Kwamba nazikaanga uani kwenye karai bovu lililotobolewa, nazigonga kwa rungu dogo, namenya, natia kwenye vifuko, nawapelekea kina mama wanaouza pale Msimbazi. Kwamba maganda siyatupi, nachemshia maharage, maana yana mafuta na yanawaka kuliko mkaa.

"Kila siku?"

"Isipokuwa Ijumaa."

"Si uliniambia huna kazi?"

"Ndiyo, sina. Hizo ni korosho tu za kwetu."

Aliweka kalamu mezani, akavua miwani. Halafu akasema taratibu, "Mama, hayo mafuta ya ganda ndiyo yanayokuunguza."

Nilikataa. Nilimwambia mimi ni mtoto wa Newala, nimekua nikicheza juu ya magunia ya korosho, zingenifanya nini? Nadhani ni sisi tu watu wa kusini tunaoweza kukosea hivyo. Mtu wa Moshi angemshuku mgeni huyu siku ya kwanza. Kwetu sisi korosho si kitu cha kushuku, ni jamaa. Daktari akaniambia mwili unaweza kuvumilia kitu miaka mingi, halafu siku moja ukakichoka, na ukishakichoka haukisamehe. Kisha akaniuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye vipele. Nikamtaja mtoto wa jirani. Akauliza moshi wa maganda unaelekea wapi. Nikakumbuka dirisha la Mama Upendo.

"Na mume?"

Nikainamisha kichwa nikamwambia vilikotokea. Hakushangaa. Akasema mafuta yale yanaganda chini ya kucha, na mimi ndiye ninayemfulia nguo zake za ndani kwa mikono, ninayemkunjia taulo, ninayelala naye. Na kwamba akihama chumba, lazima apone.

Niliomba aniandikie. Akaandika karatasi nzima, kwa Kiswahili. Nilitoka mle nikitembea kama mtu aliyefunguliwa pingu.

Nyumbani nilianza na Mama Upendo. Nilimkuta anachambua mchicha, mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Ni mimi. Ni moshi wangu ndio umemuunguza mtoto." Alichambua majani mengi kabla ya kujibu.

"Ungenyamaza nisingejua," akasema.

"Najua."

"Basi tukatupe hayo maganda." Akafunga kanga vizuri, tukayatoa pamoja, amejifunga kitambaa puani, nami nimevaa mifuko ya plastiki mikononi.

Halafu nikampigia simu mama.

"Shikamoo mama. Ni korosho."

"Marahaba mwanangu. Korosho zimefanyaje?"

Nikamweleza. Akauliza, "Kwani hukuwa unapaka mafuta na majivu mikononi kabla ya kubangua?" Sikuwa napaka. Nilimwona yeye akipaka utoto wangu wote nikadhani ni mazoea ya kizee. Kisha akasema neno lililonikata maini: "Shangazi yako Fatu alikuwa hivyo. Akikaa karibu na karai anavimba uso wote. Tulisema jini lake halipendi korosho, tukawa tunampa kazi ya kuteka maji." Ukoo mzima ulijua ugonjwa wangu tangu kabla sijazaliwa, ila walimpa jini sifa yake.

Kwa hiyo wewe unayejikuna, ushauri wangu ni huu tu, mengine yaachie madaktari. Ukiulizwa unafanya nini, usijibu kwa cheo. Jibu kwa mikono. Sema unachoshika kuanzia alfajiri: saruji, dawa ya nywele, samaki, vitunguu, mitumba, majani ya mtu mwingine unayopalilia. Sema unachochoma na moshi wake unaenda wapi. Na usiende hospitali umejipamba. Nenda na uchafu wako wa kazi.

Ijumaa nilimsubiri Mshamu nimekaa kwenye kigoda, karatasi mkononi. Alipofika nilimsomea yote, neno kwa neno, pamoja na yale ya nguo za ndani.  Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi pia ni wa Newala," akasema. "Nimekula korosho mbichi, nimezibangua kwa bibi yangu, nimezilalia. Sijawahi kuota hata kipele kimoja."

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Daktari anasema mwili unachoka."

"Daktari ni mwanamke mwenzako, Somoe."

 Alichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja, vyakula vililetwa na bodaboda. Inayofuata hivyohivyo. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nilimwomba shehe akamwone. Akaniambia amemwona na kwamba bado anafikiri. Ngozi yangu ilikuwa inapona kwa kasi ya ajabu. Magamba yalidondoka, chini yake ngozi laini kama ya mtoto. Nilikuwa naiangalia bila furaha. Jumatano moja nikaoga hedhi ya tatu, na eda yangu ikaisha, nikiwa nimekaa uani na Mama Upendo tunamenya vitunguu saumu. Sikumwambia. Nilimenya mpaka vikaisha.

Ijumaa yake Mshamu akaja mwenyewe. Alikuja mbio, jasho linamtoka, mkono wa kulia wa shati umepandishwa. Ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa yai, limefura malengelenge, linatoka maji. Alikuwa amepata korosho ghafi kwa rafiki yake wa ghala, akaipasua, akajisugua ganda mwenyewe siku tatu nyuma ili aone. Usijaribu ujinga huo, daktari alikasirika sana nilipomsimulia. Mshamu alikuwa anautazama mkono kama mtu aliyeokota kitu.

"Ulisema kweli," akasema. "Somoe, ulisema kweli. Nimekurejea. Nimekurejea, shehe atakuwa shahidi."

Nilimketisha. Nikaosha mkono kwa maji baridi, nikampaka marhamu yangu yaliyobaki, taratibu, kwa sababu najua linavyouma. Alikuwa analia. Mimi pia.

"Eda imeisha juzi Jumatano," nikamwambia.

Alishtuka. "Basi nitaleta posa upya. Mahari upya. Chochote."

"Mkono wako umekuambia mara moja, ukauamini. Mimi nilikuambia tangu kiangazi."

Nilimfunga kitambaa mkononi, akaenda zake. Ameshaleta posa mara mbili, mara ya pili dada yake ndiye aliyeongoza msafara, amejitanda vizuri, ananiita wifi. Mama anasema nikubali. Hata Mama Upendo anasema nikubali. Na mimi nampenda, sifichi. Nikisikia mtu anabisha mlango jioni moyo unaniruka. Lakini siku ngozi yake ikimwasha tena, nitaulizwa nilikuwa na nani, na swali hilo sitaki kuulizwa mara ya pili. Posa zote mbili nimezirudisha.